Tuambiane Tukiwa Bado Chalinze
(Hotuba ya Kamati ya Elimu kwa wazazi na vijana, Fort Worth)

 

Kila tarehe 9 Desemba tunakumbuka mwaka 1961, bendera yetu ilipopandishwa Dar es Salaam na mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro. Hapa Texas sikukuu hii hutukuta katika majuma ya mwisho ya muhula. Sisi tunapika pilau, watoto wetu wanakabiliwa na mitihani. Ndiyo maana Kamati ya Elimu imeomba dakika chache izungumzie jambo moja tu: mwanafunzi ajulishwe amefika wapi katika masomo yake wakati bado anaweza kugeuza njia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita familia moja ya hapa kwetu iliandaa sherehe ya binti yao kumaliza sekondari. Ukumbi ulilipiwa, michango ikapitishwa, sisi viongozi tukatangaza kwenye kundi la WhatsApp, na vitenge vya sare vikaagizwa kutoka Kariakoo. Zikiwa zimebaki wiki tatu, ikajulikana kwamba binti alipungukiwa masomo mawili na hatavaa joho. Familia imeturuhusu kulisema hili bila majina.

Watu wengi walisema binti ni mwongo. Kamati ilipokwenda kukaa na familia, ilikuta habari nyingine. Taarifa zilikuwa zikitumwa tangu darasa la tisa, lakini zilikwenda kwenye barua pepe aliyoifungua kaka yake siku ya kuandikishwa, kwa sababu baba alikuwa zamu ya usiku ghalani na mama alikuwa akihudumia wazee kazini kwake. Barua pepe ile ilikaa miaka miwili bila kufunguliwa. Binti naye alijua kwamba alama zake za darasa la tisa zilikuwa mbaya. Asichojua ni kwamba hapa somo ulilofeli halifutiki kwa kupanda darasa. Kwetu ukivuka darasa, umevuka. Hapa unaweza kukaa darasa la kumi na moja huku deni la darasa la tisa likikungoja mlangoni.

Binti alimaliza masomo yale wakati wa kiangazi, akapata cheti chake Agosti. Sherehe haikurudi tena, na kwa muda mrefu hakuonekana kwenye shughuli zetu. Hilo ndilo lililotuuma. Sisi tuliotangaza sherehe hatukuwahi hata mara moja kumuuliza, "Mwanetu, masomo yanakwendaje, na tukusaidie wapi?"

Wanaoijua barabara ya kwetu watatuelewa. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, pale Chalinze usipoangalia utakunja kulia uelekee Segera. Anayekusaidia ni yule anayekwambia ukiwa bado Chalinze. Anayekungoja Segera ili akucheke hajakusaidia kitu.

Wengi wetu tulisoma kwa utaratibu wa ripoti ya mwisho wa muhula. Karatasi ilifika nyumbani, baba akatazama namba uliyoshika darasani, na hukumu ikatoka. Lakini hata nchini kwetu swali hili ni la zamani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamika kwamba shule zilikuwa zinaupa mtihani uzito kupita kiasi. Azimio la Musoma la 1974 likataka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na ndipo kazi anazofanya mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa pia. Maana yake ni kwamba kipimo kianze mapema, na mwenye kupimwa aone matokeo yake akiwa bado darasani.

Sasa tuje hapa Texas. Sheria ya elimu ya jimbo inazitaka wilaya za shule zimpe mzazi taarifa ya maandishi ya kila somo angalau mara moja katika wiki 12. Kwa masomo ya msingi, mtoto akiwa anafanya vibaya mfululizo, taarifa itoke angalau kila wiki tatu, au katika wiki ya nne pale kipindi kinapokuwa cha wiki tisa. Alama ya kufaulu ni 70. Mtoto anayecheza mpira au kuimba kwaya ya shule akishuka chini ya 70 katika somo la kawaida mwisho wa kipindi, husimamishwa mashindano kwa wiki tatu au zaidi. Utaratibu huo ulianza mwaka 1984. Kwa hiyo mwanao akikwambia ghafla "kocha hanipangi," usikasirikie kocha kabla hujaangalia alama.

Kumaliza sekondari kunahitaji krediti 22, au 26 kwa anayeongeza mkondo maalumu. Kuna pia sharti la mahudhurio: asiyehudhuria asilimia 90 ya siku za somo anaweza kunyimwa krediti hata kama amefaulu. Wazazi tunaowachukua watoto kwenda Dar kwa mwezi mzima katikati ya muhula, tulifikirie hili kabla ya kukata tiketi. Tena, tangu 1997 sheria ya Texas inawapa wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao njia ya moja kwa moja kuingia vyuo vikuu vya umma vya jimbo, ingawa chuo cha Austin huchukua asilimia ndogo zaidi. Nafasi hiyo hujengwa na alama za miaka yote. Mtoto anayeambiwa haya darasa la kumi na mbili ameambiwa akiwa Segera.

Vijana wetu wa vyuoni, nanyi tunawageukia. Mkishajiunga na chuo, sheria ya nchi hii ya 1974 inaifanya haki ya kumbukumbu za masomo kuwa yenu. Kwa kawaida chuo hakitampigia mama simu kumwambia umefeli. Uhuru huo ni mzuri, nao una bei yake. Asaidiwaye na serikali kulipa ada lazima aonyeshe maendeleo ya kuridhisha, kwa wastani wa alama na pia kwa idadi ya masomo anayoyamaliza kati ya yale aliyoyaanza. Ukiacha somo kabla ya tarehe ya mwisho, wastani haushuki, lakini somo hilo linahesabiwa kuwa ulilianza hukulimaliza. Vyuo vya umma vya Texas, kwa walioanza tangu vuli ya 2007, vinaruhusu kuacha masomo sita tu kwa miaka yote ya shahada ya kwanza. Na aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi asishuke chini ya krediti 12 kwa muhula kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana hapo ataweka hatarini hata ukaazi wake.

Kwa hiyo usisubiri Desemba. Baada ya jaribio la kwanza nenda kwa mwalimu katika saa zake za ofisi, umwulize mambo mawili: nimesimama wapi, na nifanye nini kuanzia kesho? Mwalimu hataona umedharau. Huku anayeuliza huonekana anajali.

Wazazi wenzetu, tunawaomba mambo matatu. La kwanza, akaunti ya mzazi ifunguliwe kwa simu yako wewe, si kwa simu ya mtoto. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo msingi wa huduma hiyo, na hulipii chochote. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. La pili, chagueni siku moja kila baada ya wiki tatu, hata kama ni nusu saa kati ya zamu mbili, mkae pamoja mfungue alama. Mtoto ndiye aanze kueleza, mzazi asikilize kwanza. La tatu ndilo gumu kuliko yote: mtoto akileta habari mbaya mapema, mshukuru. Ukimpigia kelele, ukamlinganisha na mtoto wa jirani, ukamkumbusha maboksi uliyobeba kwa ajili yake, umemfundisha kwamba kuficha kuna faida. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tujiulize ni nani aliyemfanya aogope kuyataja.

Mwisho, tujinyoshee kidole sisi wenyewe. Tunaendesha darasa la Kiswahili kila Jumamosi. Watoto wanaletwa, wanaimba, wanakula maandazi, wanarudi nyumbani. Tangu tuanze, hatujawahi kumwambia mtoto hata mmoja ameweza nini na bado hajaweza nini. Kisha tunashangaa wakifika miaka 12 hawaji tena. Mtoto mmoja alituambia wazi: "Kila mwaka mnatufundisha salamu zilezile." Alikuwa na haki kusema hivyo.

Kuanzia Januari kila mtoto atapata daftari lake la maendeleo. Kila baada ya wiki sita mwalimu atakaa naye dakika tano, waandike pamoja: naweza kumsalimia bibi na kumweleza habari za shule, bado ngeli zinanichanganya, wiki sita zijazo nitasoma hadithi moja fupi mpaka mwisho. Hakutakuwa na namba za darasani, na hakuna atakayeshika mkia. Lengo la mwisho wa mwaka ni kila mtoto ampigie simu babu au bibi yake, azungumze naye bila mzazi kutafsiri pembeni. Bibi kule Moshi au Tanga ndiye atakayetupa alama.

Na binti yule wa sherehe? Sasa yuko chuoni, na mwaka huu amekubali kutusaidia kufundisha darasa hilo. Yeye ndiye aliyependekeza zile dakika tano. Alisema laiti mtu mzima mmoja angekaa naye dakika tano alipokuwa darasa la tisa, mengi yangekuwa mengine. Tumemsikia.

Watoto wetu, tunawatakia mitihani mema. Mkitoka mitihanini, mje mtuambie ilivyokwenda, iwe vizuri au vibaya. Tutawasikiliza.

 Mungu ibariki Tanzania, Mungu awabariki watoto wetu.