Mataji 18 ya Byron Nelson: Kuupima Msimu wa Gofu wa 1945



Nimeombwa nizungumzie namna mwandishi wa michezo anavyopaswa kuipima rekodi kabla hajaipeleka kwa mhariri. Sitagusa kila mchezo. Nimechagua msimu mmoja wa gofu ya kulipwa ya wanaume nchini Marekani, ule wa 1945. Mwaka huo Byron Nelson, mtu wa Texas, alitwaa mataji 18. Kati ya hayo, 11 aliyapata mfululizo, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Agosti. Katika miaka yote iliyofuata, aliyeusogelea mfululizo huo zaidi ni Tiger Woods, ambaye kati ya 2006 na 2007 aliishia kwenye mataji 7.

Rekodi hii haitajwi bila mtu kuongeza "lakini". Ilikuwa vita, watasema. Magwiji walikuwa jeshini, na paka akiondoka panya hutawala. Naomba tuipime hoja hiyo, kwa sababu naiona ina ukweli ndani yake ila imeelekezwa pasipo.

Wapinzani hawabuni. Mwaka 1945 Masters haikuchezwa, US Open haikuchezwa, wala British Open. Kati ya mashindano manne makubwa lilibaki moja tu, ubingwa wa PGA. Utengenezaji wa mipira ya gofu ulikuwa umesimamishwa tangu 1942 kwa kuwa raba ilihitajika vitani, na wachezaji walitumia mipira iliyochakaa na kuvishwa ganda jipya. (Hili la mipira, ukilifikiria, lilimwongezea Nelson ugumu, lakini hutajwa kama vile lilimsaidia.) Nelson mwenyewe alipimwa afya, jeshi likamkataa kwa sababu damu yake ilichelewa kuganda. Hata huo mfululizo wa mataji 11 ulianzia Miami kwenye mashindano ya wawili wawili, akiwa na rafiki yake Jug McSpaden. Mtu akitaka kuuanza kuhesabu na taji la pili, simlaumu. Ila ajue pia kwamba katikati ya mfululizo Nelson alishinda mashindano madogo huko Spring Lake, New Jersey, yasiyoingizwa kwenye hesabu kwa sababu zawadi yake ilikuwa ndogo mno.

Sasa tuangalie ni akina nani hasa walikuwa uwanjani. Sam Snead alikuwa ameshatoka jeshi la majini, na mwaka huohuo alitwaa mataji 6. Ben Hogan, ingawa alivaa sare kwa sehemu ya mwaka, alipata nafasi za kucheza na akamaliza mwaka na mataji 5. Hao si panya. Kule Charlotte, Nelson na Snead walimaliza wakiwa sawa. Wakarudiana mashimo 18, wakatoka sawa tena kwa mikwaju 69 kila mmoja. Wakarudiana mara ya pili: Nelson 69, Snead 73.

Kwa Hogan ushahidi ni mzito zaidi, na huyu walijuana tangu utotoni, maana wote wawili walibeba mifuko ya matajiri katika klabu ya Glen Garden, Fort Worth. Mwishoni mwa Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, Hogan alishinda Portland kwa mikwaju 261 katika raundi nne. Nelson alikuwa wa pili, mikwaju 14 nyuma yake. Mwandishi wa siku ile angeweza kabisa kuandika kwamba mwenye mchezo amerudi na mambo ya Nelson yamekwisha. Wiki mbili baadaye, Seattle, Nelson alipiga 259.

Jambo jingine ninalowashauri mlitazame ni wastani. Taji hutegemea nani kaja na nani hakuja. Wastani wa mikwaju kwa raundi hautegemei hilo, kwa sababu shimo halijui mpinzani wako ni nani. Wastani wa Nelson mwaka ule ulikuwa 68.33, na ulidumu hadi Woods alipoupita mwaka 2000, akiwa na vifaa ambavyo Nelson hakuviota. Kuna wanaosema mashindano mengi ya wakati wa vita yaliruhusu mchezaji kusogeza mpira pale nyasi zilipokuwa mbaya. Sawa, tupunguze kidogo kwa ajili ya hilo. Lakini ruhusa ilikuwa ya wote, na wenzake hawakufika alikofika.

Mechi moja niieleze kwa kirefu kidogo. Ubingwa wa PGA ulifanyika Julai katika klabu ya Moraine, Dayton, Ohio, kwa mtindo wa mtoano, mtu kwa mtu, shimo kwa shimo. Katika raundi ya pili Nelson alikutana na Mike Turnesa, mechi ya mashimo 36. Yalipobaki mashimo manne, Turnesa alikuwa mbele kwa mawili. Nelson akacheza mawili yaliyofuata kwa mkwaju mmoja pungufu kila moja, la tatu kwa miwili pungufu, la mwisho kwa kiwango chake, akashinda kwa tofauti ya shimo moja. Turnesa hakuharibu chochote. Baada ya hapo Nelson alipita hadi fainali, akamfunga Sam Byrd, mchezaji wa zamani wa besiboli wa New York Yankees.

Umahiri huo ulikuwa na maandalizi ya kawaida sana. Mwaka 1944, ambao nao ulimpa mataji 8, Nelson aliweka daftari la kila raundi. Alipolipitia aliona mambo mawili yakijirudia: mipira ya karibu na shimo aliyoipiga vibaya, na mikwaju ya uzembe tu. Hakubadilisha mchezo wake; alishughulikia hayo mawili. Alikuwa pia na sababu ya nyumbani. Alitaka kununua shamba la mifugo, na kila ushindi aliuhesabu kwa ng'ombe na ekari.

Hapa pana tahadhari kwa sisi tunaopenda vichwa vya habari vya mamilioni. Mapato yake ya 1945 huandikwa kuwa zaidi ya dola 63,000, lakini sehemu kubwa ya zawadi ililipwa kwa hatifungani za vita. Hatifungani ya dola 100 ilinunuliwa kwa dola 75, na mwenye nayo alisubiri miaka 10 kupata thamani yake kamili. Na huo mfululizo wa mataji 11 ulikatika Agosti, Memphis, na aliyeshinda alikuwa mchezaji wa ridhaa, Fred Haas. Wiki iliyofuata Nelson akashinda Knoxville. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 34, alinunua shamba lake Roanoke, Texas, akaacha kucheza msimu mzima.

Kwa hiyo hoja ya waliokuwa vitani mimi naiona nyepesi. Wapo wengine ambao hawakuwapo uwanjani, na hao hutajwa mara chache. Katiba ya chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, ilikuwa na kifungu kilichofungua uanachama kwa Wazungu pekee. Weusi walibeba mifuko kwenye viwanja vile vya Kusini, kule Atlanta, Durham na Greensboro, ambako Nelson alishinda mfululizo, lakini hawakuruhusiwa kushindana. Walikuwa na mzunguko wao, wa chama cha United Golfers Association, wenye zawadi ndogo. Pa kupumulia palikuwa Tam O'Shanter karibu na Chicago, ambako mwenye uwanja, George S. May, aliwafungulia mlango.

Mmoja wa Weusi hao, Charlie Sifford, alizaliwa Juni 1922 huko Charlotte, mji uleule wa marudiano ya Nelson na Snead, na utotoni alibeba mifuko ya gofu. Mwaka 1945 alikuwa na miaka 23, akiwa askari wa Jeshi la Marekani. Kifungu kile kilifutwa Novemba 1961, naye akiwa na miaka 39. Ushindi wake wa kwanza katika mzunguko mkuu ulikuja 1967, Hartford.