Pishi Ifike Kabla ya Sala: Kamati za Misikiti na Zakatul Fitri



Zakatul fitri ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka uleule wa funga ya Ramadhani. Hukumu yake tunaijua: pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji, kwa kila Mwislamu, mkubwa kwa mdogo, mwenye ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi. Mwenye nyumba huwatolea anaowalisha. Kwetu pwani ni mchele, na misikiti mingi hukadiria pishi kuwa kilo 2.5. Hapo hatugombani.

Tunapokosea ni wakati. Ibn Abbas amepokea kwamba zaka hii humtakasa mfungaji na maneno ya upuuzi, na ni chakula cha masikini. Ikitolewa kabla ya sala ya Idi ni zaka yenye kukubaliwa, baada ya sala ni sadaka tu. Nasi tunaacha mchele ulundikane msikitini usiku wa takbira, ukagawiwe watu wakisharudi kwenye sala. Mama mwenye mayatima anaupata saa nne asubuhi, wakati nyumba za jirani zimeshapakua.

Watoaji wengi hudhani wakishaikabidhi kamati wamemaliza. La. Kamati tunazounda wenyewe mitaani ni wakili wa mtoaji. Mchele ukilala stoo, dhima bado i shingoni mwa aliyeutoa, naye yuko kwake anakula pilau kwa amani. Amana hii ni nzito kuliko tunavyoichukulia.

Kuna na fedha za simu. Mahanafi wanajuzisha kutoa thamani. Sisi Mashafii twataka chakula chenyewe. Mtoaji anaweza kutuma fedha na kuifanya kamati wakili wake inunue mchele, mradi zifike mapema, maduka ya jumla yakiwa wazi.

Na nafasi tunayo. Madhehebu yetu yanaruhusu kutanguliza tangu Ramadhani inapoingia. Abu Huraira aliwekwa na Mtume (S.A.W.) kulinda zaka ya Ramadhani, akamkamata mwizi wa chakula usiku baada ya usiku, basi chakula kilikuwa kimeshakusanywa. Napendekeza tuanze kupokea kumi la mwisho likiingia, na orodha ya wanaostahiki iwe tayari kabla ya hapo. Orodha hiyo waiandike akina mama wa mtaa: wao ndio wajuao jiko gani halijawashwa na nani anaona haya kuomba. Mafungu yapelekwe majumbani. Foleni mlangoni mwa msikiti, na watu wakipigwa picha, tuiache kabisa.

Atakayeleta fedha baada ya mwezi kuandama na maduka kufungwa, kamati isizipokee. Aambiwe apime mchele wa nyumbani kwake, ampelekee jirani anayestahiki, ndipo aende kusali.