Jiwe Litakalopita 2029

Msikilizaji wa Mabanga, jiwe la angani liitwalo Apophis lina upana wa mita zipatazo 340, na halitatugonga. Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko satelaiti zinazoturushia televisheni. Mawingu yakituhurumia, Afrika italiona kwa macho matupu, kama nyota inayotembea.

Kinachonivutia mimi ni njia yake. Leo Apophis hulizunguka jua kwa siku 324, pungufu ya mwaka wetu. Likishatupita, mvuto wa dunia utakuwa umeipinda na kuipanua njia hiyo, hata mzunguko mmoja uzidi mwaka. Dunia yetu hii, tunamolima mahindi, italihamisha jiwe hilo.

Na tusiseme hayo ni mambo ya mbali. Ng'ambo ya Mlima Elgon, mjini Mbale, vimondo vilinyesha mchana wa tarehe 14 Agosti 1992. Kipande cha gramu 3.6 kilipiga majani ya mgomba kwanza, kisha kikamwangukia mvulana kichwani, hakuumia. Mamia ya vipande viliokotwa, na wapo waliovisaga wakidhani ni dawa ya ukimwi. Hilo linaniuma hadi leo, kwamba mgonjwa alitafuta uhai ndani ya jiwe, wala hapakuwa na wa kumweleza.

Walimu wa Bungoma na Kitale, waelezeni watoto mapema, ili usiku huo wa 2029 watoke nje wakijua wanachokitazama.