Kaye na simu vitembee pamoja

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa mutualite, Baraka

Komite ilituomba tuongee juu ya simu na tablete yenye sisi wa shirika tulileta hapa, na sababu gani kazi ile ilikataa mara ya kwanza. Wengi munajua habari ile kuliko sisi. Lakini maneno haya yataandikwa ndani ya gazeti letu, na gazeti linafika kwa ndugu walio Uvira, hata kwa wale wangali kule Nyarugusu. Basi tuanzie mwanzo.

Tulikuja na tablete moja, programu ya kuandika michango, na mafunzo ya siku mbili. Siku ya pili jioni tulipiga picha, tukapiga makofi, na kaye ya zamani tukaifungia ndani ya sanduku. Hapo ndipo tulikosea. Tuseme waziwazi: kosa lilikuwa letu, si lenu.

Wiki ile ile habari ikatembea kwamba shirika linaandikisha watu. Wamama walitoka vijiji vya mbali na watoto mgongoni, kuja kuandikwa. Wengine wakajificha. Mama mmoja alituambia, "Miye, mashini haitakamata jina yangu." Tulishangaa, na hatukupaswa kushangaa. Mtu aliyekaa Lugufu miaka mingi na kadi ya chakula yenye kutobolewa kila mgao, anajua listi ni kitu gani. Listi inaleta unga, listi inakata unga. Kati yetu wako waliosoma shule ndani ya kambi, na hata wao walisahau.

Kisha kikaja kilio. Mzee wetu mmoja alifariki. Kwa kanuni zenu, feza ya msiba inatoka siku ile ile, kisha kuhakikisha kama marehemu alikuwa amelipa michango yake. Lakini tablete ilikuwa imezima. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, sola haikuchaji, na namba ya siri ilikuwa kichwani mwa kijana mmoja tu, naye alikuwa ameenda Uvira. Muone vizuri: sanduku lenu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenye kuubeba. Tablete tuliipa ufunguo mmoja na mtu mmoja. Mjane alingoja siku mbili. Majirani ndio walitoa sanda na unga.

Mkutano uliofuata, watu waliuliza feza yao. Walikuwa na haki. Mtunza sanduku, mtu asiyesema mingi, alituambia: "Mbele tulikuwa tunahesabu makuta mbele ya macho ya kila mtu. Sasa munahesabu ndani ya kioo." Neno lile lilitufundisha kuliko mafunzo yetu ya siku mbili.

Tukarudisha kaye. Tangu hapo, kila mkutano sekretere anaandika ndani ya kaye, kijana anaandika ndani ya tablete, na mbele ya kufunga vyote viwili vinasomwa kwa sauti, jina kwa jina. Kama vinapingana, kaye ndiyo inafuatwa mpaka kosa lionekane. Ni kazi mara mbili, ndiyo. Kuna waliotuambia tunapoteza wakati. Lakini mwanzoni vilikuwa vinapingana karibu kila mara, na sababu ilikuwa ile ile: huyu ametoa franga, yule ametoa dola, na kijana alikuwa anageuza yote kuwa dola kwa bei ya siku iliyopita. Sasa kuna safu mbili, ya franga na ya dola, na hakuna kugeuza. Makosa yakapunguka. Namba ya siri wanaijua watu watatu wa komite, na imeandikwa ndani ya bahasha yenye kufungwa, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu.

Feza ya simu nayo ina mambo yake. Faida munaiona: ndugu wa Uvira hawabebi tena makuta mfukoni kwenye barabara ile, na mvuvi anaweza kutuma mchango wake kutoka kambi ya uvuvi. Lakini muangalie. Akaunti ya simu ina mfuko wa franga na mfuko wa dola. Ukitumiwa franga ukaangalia mfuko wa dola, utaona bure, utafikiri umeibiwa. Wawili walikuja kulia kwetu, na feza yao ilikuwa pale pale. Tena, mtu akikuonyesha mesaji ndani ya simu yake kwamba ametuma, usimwandike bado. Angalia salio ndani ya simu ya mutualite. Mesaji ya uongo ni rahisi kuandika.

Kwa wazazi wasiojua kusoma: musimpe mtu simu pamoja na namba ya siri, hata kama ni mjukuu, hata kama ni yule wa kibanda mwenye kuwasaidia kila siku. Wengi wenu munajua namba kuliko munavyofikiri, juu munahesabu feza sokoni kila siku. Muchague namba yenu wenyewe, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wenye kuandikwa kwenye kadi ya uchaguzi. Jumamosi tutakaa na wamama peke yao, polepole, kila mmoja na simu yake mkononi. Hakuna picha siku ile.

Linabaki jambo moja lenye kutusumbua. Laini yenye kupokea michango imeandikwa kwa jina la mtu mmoja wa komite. Ni mwaminifu, hatusemi kinyume. Lakini akihama, akigonjwa, ao akiitwa na Mungu, feza yenu iko kwa jina lake, na familia yake inaweza kuidai. Tulipaswa kuwaambia haya siku ya kwanza. Komite ina mawazo mawili: kutafuta akaunti yenye jina la mutualite yenyewe, ao kutoa feza yote kwenye simu jioni ya kila mkutano na kuirudisha ndani ya sanduku, na kulipa ada ya kutoa kila mara. Sisi tutasindikiza komite kwenda kuuliza karatasi gani zinaombwa. Lakini kuchagua ni kwenu. Mama prezida, tunaomba upigishe kura leo, mbele watu hawajaanza kurudi nyumbani.