Mizani ya Haki katika Soko Lisiloonekana

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani



UTANGULIZI

Mwaka 1967 una nafasi ya pekee katika mazungumzo yetu ya leo. Mwezi Januari mwaka huo Papa Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, ambayo ndiyo asili ya tume zetu za majimbo na kamati zetu za parokia. Mwezi Machi alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio. Na katika mwaka huo huo, katika vilima vikavu vya Mererani, lilitambuliwa jiwe la buluu ambalo dunia ilikuwa haijalijua. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la tanzanaiti na kulitangaza kwa matajiri wa Marekani.

Tangu hapo jambo moja limekuwa likijirudia. Jiwe hutoka kwetu, bali bei yake hupangwa mbali na macho yetu. Sasa vijana wetu wanatuambia kwamba umbali huo umekwisha, kwa kuwa mtu mwenye simu anaweza kumwuzia kito mteja aliyeko London bila kupitia kwa dalali hata mmoja. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, je, biashara hiyo ina haki ndani yake? Tutumie njia tuliyoizoea ya kuona, kuamua na kutenda.

TUONE

Katika parokia yetu kipo kikundi cha akina mama kumi na wawili, baadhi yao wakiwa wajane wa wachimbaji. Walijifunza kukata na kung'arisha vito. Hununua mawe madogo katika soko la madini, kwa risiti, na mfanyabiashara mmoja mwenye leseni huwasaidia katika taratibu za kusafirisha. Tunalitaja hilo mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba kito hutumwa ng'ambo kwa bahasha kama kitenge. Sheria inadai kipimwe na kuthaminiwa, kilipiwe mrabaha, na kipewe kibali. Anayekwepa hayo anawaibia wananchi wenzake.

Mwanzoni akina mama hao waliwauzia madalali kwa bei iliyowaachia faida ndogo sana. Ndipo kijana mmoja wa VIWAWA akawafungulia duka katika soko moja kubwa la mtandaoni, la nchi za nje.

Hapa yafaa tufafanue. Soko la mtandaoni ni kama jengo la soko la mji. Mwenye jengo anakupa meza, wateja wanapita kwa maelfu, nawe unamlipa ushuru na kufuata amri zake. Tovuti yako mwenyewe ni kama kibanda ulichojenga kando ya njia. Hakuna anayekutoza ushuru wa meza, bali pia hakuna anayekuletea mteja.

Ushuru wa meza si mdogo. Tuchukue mfano wa soko la Etsy, lililoanzishwa Marekani mwaka 2005, ambalo viwango vyake hutangazwa wazi. Mwezi Aprili 2022 lilipandisha ada yake ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5, juu ya senti 20 za dola za kuorodhesha kila bidhaa. Kwa kito cha dola 200, hizo ni dola 13 na senti 20. Kama mteja aliletwa na tangazo lililowekwa na soko lenyewe nje ya kuta zake, duka dogo hukatwa asilimia 15 nyingine, yaani dola 30. Zinakuwa dola 43 na ushei, kabla ya gharama za kupokea malipo. Ni kweli kwamba duka dogo laweza kukataa matangazo hayo, lakini ni lazima lijue kwamba yapo na kwamba lina ruhusa ya kuyakataa. Ada zilipopanda, wauzaji wengi wa soko hilo walifunga maduka yao kwa wiki moja kupinga uamuzi ambao hawakushirikishwa.

Hata hivyo, akina mama wetu hawakuangushwa na ada. Mwaka wa kwanza waliuza vizuri, wakakopa katika VIKOBA ili wanunue mashine ya pili ya kukatia. Kisha asubuhi moja wakakuta duka limefungwa. Fedha za mawe matatu zilizuiliwa. Barua iliyokuja haikuwa na jina la mtu, wala haikuonyesha pa kukata rufaa. Ilisema tu kwamba maelezo ya bidhaa yalikuwa ya uongo.

Ndugu wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba walionewa tu. Lakini semina hii ni ya haki, na haki huanza na ukweli. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia. Rangi ya buluu inayopendwa hupatikana baada ya jiwe kupashwa moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 500 na 600 za sentigredi. Jambo hilo linajulikana kwa wafanyabiashara wote wa vito na si aibu. Aibu ni kulikana. Na duka la akina mama lilikuwa limeandika kwamba mawe yao hayajaguswa na moto. Mteja mmoja alipolipeleka jiwe lake kwa mtaalamu, akaelezwa vingine.

Maneno yale kijana aliyanakili kutoka kwa muuzaji mwingine. Kabla ya kuyatangaza, walituletea sisi tuyakague, kwa sababu padre amesoma. Tulisahihisha Kiingereza chake na kuwarudishia. Hatukuuliza kama ni kweli. Duka lilipofungwa na deni la mashine likabaki, wawili kati ya akina mama walijitoa kwenye kikundi. Mwenyekiti wao alikuja ofisini akatuambia kwa upole, "Baba, jiwe ni lile lile. Kilichotuponza ni neno." Hatukuwa na jibu, kwa maana neno lile lilipita mikononi mwetu.

TUAMUE

Tupime mambo haya kwa mwanga wa imani.

Kwanza, ukweli wa muuzaji. Torati inamwamuru mwuzaji awe na mizani ya haki. Nabii Amosi anawakemea wanaopunguza kipimo na kuongeza bei huku wakingoja Sabato ipite. Sisi sote tunaichukia lumbesa, kwa sababu mkulima anapakia gunia lenye kilemba na kulipwa la kawaida. Basi katika soko ambamo mteja hawezi kulishika jiwe wala kuliinua kwenye jua, maelezo yetu ndiyo mizani. Neno la uongo pale ni lumbesa iliyogeuzwa, na anayebeba mzigo ni mnunuzi.

Pili, haki ya kusikilizwa. Kosa la akina mama halihalalishi namna walivyohukumiwa. Papa Leo XIII katika Rerum Novarum, mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubali, ikiwa upande mmoja umekubali kwa kukosa njia nyingine. Paulo VI alilipeleka fundisho hilo katika biashara ya mataifa. Anayebonyeza kitufe cha kukubali masharti marefu asiyoweza kuyabadili hata nukta, yuko katika hali hiyo hiyo. Mwenye soko ana haki ya kumlinda mnunuzi. Hana haki ya kuwa polisi, hakimu na mtunza fedha kwa wakati mmoja, bila kusikiliza.

Tatu, kanuni ya auni. Papa Pius XI alieleza mwaka 1931 kwamba lile ambalo kundi dogo laweza kulifanya lenyewe lisinyang'anywe na kundi kubwa. Kikundi kinapokuwa na tovuti yake, kinabaki na jina lake, picha zake na daftari la wateja wake. Lakini auni haina maana ya kujitenga. Kibanda cha peke yake porini huvamiwa. Wapo wezi wanaonunua kwa kadi za wizi. Mwenye kadi halisi akilalamika, benki humrudishia fedha zake, na muuzaji hubaki bila jiwe wala fedha. Tena, baadhi ya huduma za malipo ya mtandaoni haziruhusu watu wa kila nchi kupokea fedha. Yeyote anayewaambia kwamba tovuti ni wokovu, mwulizeni kwanza maswali hayo.

Nne, na hili linatuhusu wenyewe. Tunalalamikia asilimia tunazokatwa na wageni. Je, mwanaapolo aliyeshuka kitoboni kwa kamba, ambaye mara nyingi hapati mshahara ila chakula na matumaini ya mgawo mzigo utakapotoka, sisi tunamkata asilimia ngapi? Haki haipandi juu tu kumdai tajiri. Inashuka pia mpaka chini ya shimo.

TUTENDE

Akina mama walifanya jambo ambalo lilitufundisha sisi. Walimwandikia yule mteja, wakakiri kosa, wakamrudishia fedha kutoka katika michango yao wenyewe. Soko halikufungua duka lao tena, ila baada ya miezi sita fedha zilizozuiliwa ziliachiliwa. Kisha walifungua tovuti ndogo. Kila kito kinapigwa picha kikiwa juu ya mizani, uzito unaandikwa kwa karati, na kama kilipashwa moto linaandikwa hivyo. Kwa miezi minne hawakuuza hata kimoja. Wa kwanza kununua alikuwa mteja wa zamani aliyewatafuta mwenyewe kwa jina la kikundi. Baadaye walikodi tena meza katika soko jingine, ili wapita njia wawaone. Deni la mashine bado halijaisha.

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kikundi kisitegemee mlango mmoja. Soko la mtandaoni litumike kujulikana, na tovuti itumike kudumu.

2. Fedha zisiachwe kwenye akaunti ya soko. Ziondolewe kila zinaporuhusiwa.

3. Masharti yasomwe kwa pamoja, kwa Kiswahili, kabla ya kuyakubali. Vijana wenye elimu waifanye kazi hiyo kama huduma.

4. Mteja aliyepatikana sokoni asirubuniwe kununua pembeni ili kukwepa ada iliyokubaliwa. Hata mkataba mgumu ni ahadi.

5. Kito kisielezwe kwa maneno ya kunakili. Mwenye shaka aende Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, au kwa mthamini wa Serikali.

6. Kila mauzo yaandikwe pamoja na bei aliyolipwa mchimbaji, ili tuone wenyewe tunavyogawana.

Bwana wetu aliufananisha ufalme wa mbinguni na mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri, akauza vyote ili aipate ile moja. Hakuipata kwa hila, alilipa gharama yake yote. Atujalie moyo huo, Yeye anayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika biashara zetu, ni neno gani tunalolitumia tukijua kwamba si kweli?

2. Ni nani katika eneo letu anayehukumiwa bila kusikilizwa, nasi tunanyamaza?

3. Jumuiya yetu yaweza kukisaidiaje kikundi kidogo kumiliki jina na mapato yake?