Juu ya nini dende zetu hazizai
Maneno ya kamati ya mifugo mbele ya mkutano wa wanachama



Tumeombwa kusema juu ya dende. Watu wa Goma na Butembo wanaziita simbiliki, na kule Tanzania, fasi tuliishi miaka mingi, tulisikia simbilisi. Ni nyama ileile.

Rafiki wengine wanatuuliza kwa nini hatukuchagua ng'ombe ao mbuzi. Toka meli za kwanza zilipoanza kuleta watu toka Kigoma mpaka Baraka, mwaka 2005, wengi wetu tulikuta mashamba yetu yanalimwa na wengine. Dende haiombi shamba. Ng'ombe inaonekana toka mbali na inaporwa. Dende unaitia mu kikapu, unaifunika na kitenge, unakimbia nayo. Na kama mtoto ana bwaki, hakuna baba atakayechinja ng'ombe juu ya mtoto mmoja, lakini dende atachinja.

Mapatano yetu munayajua. Jamaa moja inapokea majike mawili na dume moja, kiisha inarudisha majike mawili kwa jamaa inayofuata. Ni likelemba, ila pahali pa franga tunazungusha nyama. Likelemba ikisimama kwa mtu mmoja, wote walio nyuma yake wanasimama. Na sasa imesimama. Kuko jamaa zinangojea tangu mwaka jana, na wenye walipokea wanatuambia, "Hazizai." Wamoja wanasema mbegu ni mbaya, wengine wanasema jirani ana jicho. Tumepita nyumba kwa nyumba, tumeangalia, na haya njo tuliyoona.

Tuanze na chakula, juu hapo njo kuko shida kubwa. Mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, sungura anaweza, dende hapana. Katika hiyo inafanana na sisi watu. Inapaswa kuipata kila siku katika majani mabichi. Dende ya kawaida inahitaji kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na yenye mimba inahitaji mara mbili ao mara tatu ya hiyo. Sasa angalieni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Nyasi zimekauka, watoto wanaleta chochote wanachookota njiani. Tumbo la dende linajaa, lakini vitamini haimo. Jike linaanza kuchechemea, viungo vinavimba, ufizi unatoka damu. Kama lina mimba, linaitupa ao linazaa vitoto vilivyokufa, usiku, na panya wanabeba. Asubui mwenye nyumba anasema haizai. Kumbe ilizaa.

Dawa ya hiyo hainunuliwi. Ni matembele. Mama mmoja wa kwetu amepanda mistari mitatu tu pembeni ya fasi ya kuogea, pale maji inamwagika kila siku, na matembele yake yanabaki mabichi hata kiangazi. Anakata fungu dogo kila jioni. Dende zake zilizaa mwezi wa nane, wakati kwa majirani zilikuwa zinakufa. Maganda ya machungwa na ya papai yanasaidia pia, na majani ya mahindi mabichi, na ya karanga. Lakini sombe mbichi msizipe, ina sumu, wote munajua juu ya nini tunaipika muda mrefu. Majani ya avoka, ya nyanya na ya viazi vya kizungu vilevile hapana. Na maji muweke, hata kama majani ni mabichi; jike lenye kunyonyesha linakunywa sana.

Kuko wengine wenye kupenda dende kupita kiasi. Wanaipa bukari, unga, makombo ya wali, mpaka inakuwa mviringo. Jike nene sana linafika mwisho wa mimba, linaacha kula, na kwa siku chache linakufa na vitoto tumboni. Unene si alama ya uzazi, hata kama kwetu tunapenda kusema hivyo.

Jambo la umri watu wengi hawalijui. Jike linapaswa kupandwa mara ya kwanza likiwa na miezi kama mitatu. Ukilitenga likae peke yake mpaka linapita miezi saba, mifupa ya nyonga inashikana, na siku ya kuzaa kitoto hakipiti. Hapo unapoteza mama na vitoto pamoja. Tena vitoto vya dume muvitoe kwa mama zao vikiwa na wiki tatu, ao vitapanda dada zao vingali vidogo.

Na mungoje. Mimba ya sungura ni mwezi mmoja, ya dende ni siku kama 68. Vitoto viwili ao vitatu, vinazaliwa na nywele, macho wazi, na siku za kwanza tu vinaanza kuonja majani. Mama ana maziwa mawili tu, kwa hiyo vitano ni shida. Jike lililotunzwa linaweza kuzaa mara 4 kwa mwaka.

Joto ni shida ya sisi wa chini, pembeni ya ziwa. Wenye walirudi milimani hawaijui. Chini ya mabati saa za mchana joto linapita digrii 30, na hapo dume linapoteza nguvu ya kuzalisha hata kama bado linapanda, na jike lenye mimba linakufa kwanza. Muweke sanduku chini ya muembe ao mujenge paa la nyasi. Mu jiko kuko moshi, na kuko nyoka.

Mwisho ni madume, na hapa tunasema zaidi na rafiki zetu. Dume moja linatosha majike saba. Lakini katika kijiji kizima dende zetu zimetoka kwa baba mmoja, dada na kaka wanapandana, na vitoto vinazidi kuwa vidogo na vichache. Kwa hiyo msitununulie majike mengine mia. Yatakuja kufa kiangazi sawa vile haya. Mutuletee madume machache ya kutoka mbali, Walungu ao Kabare, na waya wa kufungia sanduku panya wasiingie. Vipande vya matembele vya kupanda tuko navyo sisi wenyewe.

Siku ya mkutano ujao, kila mwenye dume lililokaa kwake kupita mwaka mmoja alilete mu kikapu. Tutabadilishana hapa mbele ya nyumba ya mkutano, kabla jua halijawa kali. Wenye maswali waulize sasa.