Barua ya Kukubaliwa Si Fedha
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wa Chama



Wazee wangu, mama zetu, na vijana mliomaliza kidato cha sita, Katibu wa Chama ameniomba niseme machache juu ya vijana wanaotaka kwenda kusoma Marekani hali wazazi wao hawana uwezo. Huenda mkastaajabu, maana mimi sikusoma illa madrasa na shule ya msingi. Lakini barua zao huletwa kwangu ziombewe dua, nami kwa kuziombea nyingi nimejifunza kuuliza zasema nini.

Sikujifunza bure. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa ndugu yangu alipata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha huko. Tukachinja mbuzi wawili, na mimi nikawa wa kwanza kusimama kuhimiza michango. Baba yake akauza kiwanja. Barua ilisema amepewa msaada wa dola 15,000, nasi tukaiona mali nyingi. Hakuna aliyeuliza gharama yote ni kiasi gani. Ilikuwa dola 52,000, tena kwa mwaka mmoja, na masomo ni miaka minne. Kijana hakwenda, na kiwanja hakikurudi. Nayasema haya kwa idhini yake, naye ameketi pale nyuma.

Basi yatupasa tujue jambo hili. Msaada wa masomo wa serikali ya Marekani kwa kawaida ni wa watu wao, si wa mwanafunzi mgeni. Fedha za mgeni hutoka zaidi katika hazina ya chuo chenyewe, na vyuo havina mkono mmoja. Viko vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin, ambavyo huchagua mwanafunzi bila kutazama mfuko wa baba yake, kisha hutimiza kile ambacho jamaa zake hawakiwezi. Mlango huo ni mwembamba mno: Harvard hukubali waombaji wasiofika 5 katika kila 100. Viko vingine, kama Williams na Swarthmore, ambavyo mfuko wa mgeni huupima wakati wa kuchagua, lakini wakishamchukua humtimizia haja yake. Vilivyobaki, navyo ndivyo vingi, hukubali mtu kisha humpa sehemu tu, au wasimpe kitu. Barua yetu ilitoka huko.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Chuo ambacho gharama yake hupita dola 80,000 kwa mwaka chaweza kuwa rahisi kwa mtoto wa maskini kuliko chuo cha dola 30,000 kisichotoa msaada. Kwa hiyo msikimbie bei iliyoandikwa mlangoni. Ulizeni itakayobaki juu yenu. Na msitazame majina makubwa peke yake. Chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa 1855, hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa muda usiopungua saa 10 kwa juma.

Sasa nasema na akina baba. Fomu za msaada huuliza mapato ya nyumba. Nimemwona mzee, mtu wa heshima, aliyeona haya kuandika kwamba kibanda chake cha nguo hakimpatii akiba, akajiandika mfanyabiashara mwenye mali. Kwa fahari ile akamfungia mwanawe mlango. Andikeni kilichopo, kisizidi wala kisipungue. Wala kijana asidanganyike kusema hahitaji msaada ili akubaliwe upesi, akitumaini kuomba akishafika. Vyuo vingi humkatalia mgeni ambaye hakuomba tangu mwanzo.

Juu ya mikopo ya benki za huko sina maneno mengi. Ina riba, nanyi mwajua hukumu yake. Na zaidi ya hayo, mara nyingi mgeni hutakiwa mdhamini aliye raia au mkazi wa Marekani. Nani kati yetu anaye?

Hata msaada ukiwa mkubwa, tazameni tundu lililobaki. Septemba 1959, ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani. Wengi walikwisha pata nafasi vyuoni. Nauli ndiyo iliyowashinda. Leo pia iko nauli, iko ada ya SEVIS ya dola 350, iko ya viza, na chuo hakitoi hati ya I-20 mpaka kione fedha za mwaka wa kwanza zimethibitishwa. Tena sheria za viza hubadilika: Juni 2025 Marekani ilizuia viza za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, na watu wa Burundi wakawamo. Ulizeni ubalozini Kampala kabla ya kuuza hata kuku.

Nimekubaliana na Katibu hivi. Barua ikija, italetwa kwanza ofisini Jumamosi baada ya Alasiri. Yule binti yetu aliyerudi kutoka masomoni huko ataisoma mstari kwa mstari, aandike ubaoni gharama yote, msaada, na kilichobaki. Mfuko wa Chama utaanza kwa kulipia mitihani na fomu za wasio nazo, na anayeweza kuomba asamehewe ada ya maombi atasaidiwa kuandika. Mbuzi watachinjwa baada ya viza, nami nitakuja kusoma dua.